Nani Amezima Taa ya Mlangoni?

Kama hujapita duka la vifaa vya umeme siku za karibuni, pita uone mambo. Zile taa za kujiwasha zenyewe giza likiingia, ambazo zamani tulizoea kuziona juu ya nguzo za barabarani tu, siku hizi zimejaa kila kona. Kuna za kuchomeka ukutani chumbani, ndogo kama kiganja cha mtoto. Kuna za kufunga mlangoni. Kuna za sola za uani, ambazo vijana wanazitembeza stendi pamoja na soksi na chaja za simu. Nimetoka kuzunguka Shinyanga, Kahama na Geita, na naweza kusema karibu kila nyumba niliyolala ilikuwa na taa ya namna hiyo. Na karibu kila nyumba ilikuwa na ugomvi mdogo unaoihusu taa hiyo.

Ndiyo, ugomvi. Hujakosea ukurasa, hii ni safu yetu ileile ya mapenzi na nyumba.

Ila kwanza tuijue taa yenyewe, maana nusu ya ugomvi niliousikia unatokana na watu kudhani ina akili. Haina. Fundi mmoja wa Geita mjini alinionyesha akisema, "Dada, hii ina sensa ndani." Nikacheka moyoni, kwa sababu mimi nikisikia sensa namuwaza yule karani aliyenijia mlangoni na kishikwambi mwaka 2022 kuuliza tumelala wangapi. Lakini neno limeshaingia mtaani, basi tulitumie, ingawa wenye vitabu wanasema kihisi mwanga na mafundi wa taa za barabarani wanasema fotoseli.

Ukiitazama taa kwa karibu utaona kitobo au kioo kidogo. Nyuma yake kuna kidude cha ukubwa wa punje ya hindi, chenye mstari unaopindapinda kama njia ya nyoka mchangani. Mwanga ukikipiga, umeme unapita ndani yake kirahisi. Ukinzani wake (ule wa fizikia ya sekondari, usijifanye umesahau) unashuka mpaka omu mia chache. Giza likiingia kinabana njia, ukinzani unapanda mpaka omu milioni na zaidi. Pembeni kuna transista, ambayo hapa inafanya kazi kama mlinzi wa geti. Ikihisi kidude kimebana, inaufungulia umeme njia ya kwenda kwenye taa. Kidude kikilegea asubuhi, inafunga. Basi, habari ndiyo hiyo. Humo ndani hakuna saa wala kitu chochote kinachojua kuwa sasa ni usiku. Kinachojulikana ni kwamba hapa nilipo, dakika hii, mwanga ni kidogo.

Tabia hiyo ya mwanga kuupunguzia umeme taabu iliripotiwa na mhandisi Mwingereza, Willoughby Smith, mwaka 1873. Mwenzetu hakuwa anatafuta taa. Alikuwa anapima nyaya za telegrafu za kupita chini ya bahari, akitumia vijiti vya seleni, na vipimo vikawa havitulii. Akaja kugundua kwamba mfuniko wa sanduku ukifungwa ukinzani unapanda, ukifunguliwa mwanga ukaingia unashuka. Baadaye seleni ikaachiwa nafasi na kadimiamu salfaidi, na kwa kuwa kadimiamu ni sumu na Ulaya iliibana kwenye vifaa vya umeme kuanzia mwaka 2006, taa nyingi mpya zinatumia transista zinazohisi mwanga zenyewe. Kwa mtumiaji hakuna tofauti, zote zinafuata giza.

Na kufuata giza kuna raha yake huku Kanda ya Ziwa. Tanzania nzima tunatumia saa moja, lakini Geita iko magharibi, kwa hiyo jua lake linazama kama nusu saa baada ya la Dar es Salaam. Tena halizami saa ileile mwaka mzima: Novemba mwanzoni linatua kwenye saa 12:40 jioni, Februari linavuka saa 1. Mtu akikuletea kutoka Kariakoo kile kifaa cha kuweka muda, akakitegesha kwa saa za Dar, kitawasha taa Geita jua likiwa bado linakuchoma usoni. Sensa haina shida hiyo. Wala mbalamwezi haiidanganyi, maana mwezi mpevu hautoi hata laksi moja, wakati sebule yenye taa ya kawaida inaweza kufika laksi mia hivi na jua la utosini likafika laksi laki moja. Sisi macho yetu yanazoea haraka ndiyo maana hatuoni ukubwa wa tofauti hiyo.

Sasa njoo kwenye vituko. Nyumba moja Kahama walifunga taa mbili za mlangoni zinazotazamana. Usiku ukiingia zote zinawaka, kila moja inaona mwanga wa mwenzake, inadhani kumekucha, zote zinazima. Giza linarudi, zote zinawaka. Ilikuwa kama mume na mke walionuniana, kila mmoja anasubiri mwenzake aanze. Hata taa moja inaweza kujifanyia hivyo ikiwa imefungwa karibu na ukuta mweupe au kioo cha dirisha kinachoirudishia mwanga wake. Dawa yake ni kuigeuza tu ili sensa itazame angani au uwanjani.

Kingine kilinichekesha Geita kwa binamu yangu, ingawa wenyewe walikuwa hawacheki. Shemeji anafanya kazi mgodini, zamu za saa 12. Wiki ya usiku anashuka kwenye basi la wafanyakazi asubuhi, anaoga, anakunywa chai, anavuta yale mapazia mazito ya rangi ya kahawa, analala. Na hapo ndipo ile taa ndogo ya ukutani, iliyochomekwa chumbani kwa ajili ya mtoto, inapowaka. Saa 3 asubuhi! Jua linapasua mawe nje, taa ya usiku inamulika uso wa baba mwenye nyumba. Anaichomoa. Jioni anaondoka, binamu anamlaza mtoto, taa haipo, inatafutwa chini ya kitanda na tochi ya simu huku mtoto analia. Asubuhi maneno. "Wewe unanichomolea kwa makusudi." "Na wewe unataka nisilale?"

Shemeji alikuwa anaamini ni mbovu. Nikamwambia, shemeji, taa yako ni nzima kuliko sisi wote humu ndani, wewe ndiye uliyeileta usiku chumbani kwa pazia. Nyumba ya mtu wa zamu ina usiku wa aina mbili, wa jua na wa pazia, na kidude cha shilingi elfu chache hakiwezi kuutofautisha. Tuliihamishia taa kwenye korido, pale mwanga wa mlango wa nyuma unapofika mchana, na mlango wa chumba ukaachwa wazi kidogo usiku. Mtoto anaona mwanga unaoingia kwa chini, shemeji anapata giza lake mchana. Ilichukua dakika mbili. Ugomvi wao ulikuwa na miezi minne.

Si kila ishu inaisha kwa dakika mbili lakini. Nikiwa hukohuko nilipata ujumbe wa msomaji wetu mmoja wa upande wa Kahama, na naomba niuweke hapa karibu wote kwa ruhusa yake.

"Dada mhariri shikamoo. Mume wangu ni mchimbaji mdogo. Anaondoka jioni, anarudi usiku wa manane, siku nyingine alfajiri. Akirudi na vumbi lake huwa analala kwenye kochi sebuleni ili asituamshe mimi na mtoto mchanga. Miaka sita ya ndoa taa ya mlangoni naiwasha mimi nikienda kulala, yeye akirudi anaizima. Nikifungua jicho usiku nikaona dirisha lina giza, najua baba watoto karudi, nageuka ubavu wa pili nalala. Sasa kafunga taa ya kujiwasha. Saa 8 inawaka, saa 10 inawaka. Jana nimetoka mara tatu kuangalia kama viatu vyake vipo mlangoni. Nikisema aitoe ananiambia mimi mshamba sitaki maendeleo. Na dada niseme ukweli tu, juzi kanambia alirudi saa 5. Zamani ningejua."

Marahaba mdogo wangu. Ujumbe wako nimeusoma mara nyingi kuliko nilivyotarajia kuusoma ujumbe unaohusu balbu.

Nianze na baba watoto, najua utampa gazeti asome. Kaka yangu, mke anayetaka kujua kama umetoka shimoni mzima si mshamba. Mnaishi eneo ambalo kila mtu anakumbuka Nyangalata. Oktoba 2015 shimo liliporomoka pale wilayani Kahama, na katikati ya Novemba wachimbaji watano wakatolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Siku 41! Fikiria wake zao usiku wa kwanza, kabla hawajaambiwa lolote, walivyokuwa wakitazama mlango. Mkeo alikuwa na njia yake ya kujua kwamba umefika, njia isiyomgharimu mtu chochote, ambayo hamkuwahi hata kuizungumzia. Umeing'oa bila kujua kuwa ipo. Sikulaumu kwa kutojua. Ila sasa umeambiwa.

Halafu habari njema kwenu wote. Nimemuuliza fundi, na kumbe hamhitaji kuitoa. Taa nyingi za namna hiyo zinafungwa kwenye holda ileile ya zamani, na swichi ya ukutani inabaki kuwa bosi. Swichi ikiwa imewashwa, sensa ndiyo inaamua. Swichi ikizimwa, taa haiwaki hata giza liwe la kaburini. Kwa hiyo baba akifika azime swichi kama zamani, dirisha liwe giza, mama ageuke ubavu wa pili. Asubuhi mama akiamka airudishe swichi. Taa haitawaka kwa sababu kumeshakucha, lakini jioni itajiwasha yenyewe hata kama mmechelewa sokoni na nyumba haina mtu. Mnabaki na maendeleo yenu na mnabaki na alama yenu. Kama mtaa wenu una vibaka na mnataka nje kuwake mpaka asubuhi, basi ya nje iacheni, tafuteni taa moja ya ndani inayoonekana kutoka kitandani, hiyo ndiyo baba aizime akiingia.

Kuhusu saa 5 ya juzi, mdogo wangu, hapo sensa haiwezi kukusaidia na mimi pia siwezi. Umeandika "zamani ningejua". Hilo neno ni zito kuliko taa. Muulize mwenyewe, mchana, mkiwa mmekula na mtoto kalala, wala usianze na taa. Uliza ulichotaka kuuliza.

Akina mama wenye watoto wachanga nao wananiuliza sana: je, taa ya usiku inaharibu macho ya mtoto? Maneno hayo yana chanzo chake. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, waliandika katika jarida la Nature kwamba watoto waliolala na taa kabla ya kufikisha miaka miwili walikuja kuwa na tatizo la kutoona mbali kuliko wenzao waliolala gizani. Wazazi dunia nzima wakachomoa taa fasta. Mwaka uliofuata, 2000, timu nyingine mbili zikapima watoto wao zisione uhusiano huo. Kilichoonekana ni kwamba wazazi wasioona mbali ndio wanaopenda zaidi kuacha taa ikiwaka usiku, na macho ya namna hiyo mtoto hurithi. Kwa hiyo taa ilisingiziwa.

Kinachojulikana vizuri ni habari ya usingizi. Mwaka 2002 wanasayansi walionyesha kwamba nyuma ya jicho kuna seli fulani ambazo kazi yake kubwa si kutuonyesha sura ya kitu bali kuuambia ubongo kama ni mchana au usiku. Seli hizo zinaamshwa zaidi na mwanga wa bluu, na zikiamka mwili unapunguza melatonini, ile homoni inayotuandaa kulala. Sasa zile taa nyeupe kali zenye kambluu kwa mbali, ndizo zinazopendwa madukani kwa sababu zinang'aa bomba, na ndizo mbaya chumbani. Chukua ya njano iliyokolea au nyekundu. Iweke chini, usawa wa goti, nyuma ya mguu wa kitanda au kabati, mwanga upige sakafu. Mama anayenyonyesha saa 9 usiku anahitaji kuona titi, nepi na kikombe cha maji, basi. Akiwasha taa kubwa ya dari anamwamsha mtoto, anajiamsha mwenyewe na anamwamsha baba aliyebakiza saa mbili kabla ya basi la mgodini.

Na usiogope LUKU. Taa ya LED ya wati 1 ikiwaka saa 12 kila usiku kwa siku 30 inakula uniti 0.36, haifiki hata nusu. Balbu ya kioo ya wati 40, zile za zamani, ikiachwa hivyohivyo ingekula uniti 14.4. Ila kumbuka ya kuchomeka ukutani inakufa umeme ukikatika, labda iwe na betri ndani. Dukani ijaribu hapohapo: fundi aichomeke, wewe iziba sensa kwa kidole gumba. Iwake. Toa kidole, izime. Isipofanya hivyo mrudishie.

Jambo moja nitalisema kwa ukali kidogo. Taa nyingi zinakuja na pini mbili bapa, soketi zetu ni za pini tatu, na nimeona kwa macho yangu watu wakichokoa tundu la juu kwa kalamu au kijiti ili zile mbili ziingie. Taa inakaa imelegea, inacheza, inapata moto, na mtoto amejifunza kwamba kijiti kinaingia kwenye soketi. Nunua adapta. Wala usiifungue taa ya bei chee ikiwa kwenye umeme ukidhani ni kitu kidogo. Nyingi hazina transfoma, humo ndani unaweza kugusa zile volti 230 za ukutani zikiwa nzima.

Nikaishia Kishapu, kwa mama mkubwa wangu, dada yake mama. Ni mjane, anaishi peke yake na mjukuu mmoja wa darasa la tatu. Umeme upo kijijini ila kwake haujaingizwa. Choo kiko nje, hatua kama arobaini, na masika ya mwaka juzi aliteleza usiku akiwa na kibatari mkononi, akakaa na mkono kwenye plasta wiki sita. Nikambebea taa ya sola. Kwenye hizo za sola hata kile kidude cha nyoka mara nyingi hakipo, paneli yenyewe ndiyo jicho. Mchana inapeleka umeme kwenye betri. Umeme wa paneli ukishuka karibu na sifuri, saketi inaelewa kuwa ni usiku na inaifungulia betri iwashe taa. Ndiyo maana ukiifungia ndani mchana kwa kuogopa wezi bila kuizima swichi yake, inawaka chini ya kitanda mpaka betri inakwisha, halafu jioni unalalamika umeuziwa feki. Na vumbi la Shinyanga mnalijua wenyewe, paneli isipofutwa kwa kitambaa chenye maji kila wiki inakuwa kama imevaa miwani ya matope.

Mama mkubwa aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaiweka kabatini. Siku ya pili ipo kabatini. Siku ya tatu nikamuuliza.

"Mwanangu," akaniambia, "nyumba ya mjane mzee. Usiku taa inajiwasha yenyewe, hakuna mtu aliyeigusa. Watasema nini?"

Msomaji wa Dar anaweza kucheka hapa. Mimi sikucheka. Kwa miaka mingi ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimekuwa zikitaja mauaji ya wazee kwa tuhuma za uchawi, na Usukuma umetajwa mara nyingi. Walioponzwa zaidi ni akina mama wazee, wengine kwa sababu tu macho yao ni mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe wanachopikia miaka yote. Mama mkubwa macho yake ni mekundu. Alikuwa amelipiga hesabu jambo hili kuliko mimi niliyenunua taa kwa kufurahia rangi yake. Kati ya kuteleza tena na kuzungumzwa, alichagua kuteleza.

Nilitaka kuirudisha taa Dar. Mjukuu ndiye aliyeitoa kabatini mchana kweupe, akaipeleka uani, akaweka kiganja juu ya paneli. Ikawaka. Akatoa kiganja, ikazima. Akawaita wenzake. Baada ya nusu saa kulikuwa na watoto kumi na kitu wanapanga foleni ya kuziba paneli, na mama zao wamesimama upande wa pili wa ua wakichungulia.

Basi Jumamosi mama mkubwa mwenyewe akaamua. Tukamwalika mwenyekiti wa kitongoji na majirani wa pande zote, saa 10 jioni, jua bado kali. Mkeka ukatandikwa, uji ukachemka. Mzee mmoja, aliyekuwa sungusungu enzi zake na ambaye maneno yake pale kijijini yanasikilizwa, hakutaka kuigusa kwa mkono. Akavua kofia yake, akaifunika taa. Mwanga ukatokea pembeni ya kofia. Akaiinua kofia, taa ikazima. Akarudia. Watoto wakacheka, naye akawa anajizuia asicheke.

"Kumbe inafunikwa tu kofia, inadhani ni usiku," akasema. Kisha akawageukia wengine akalisema tena kwa Kisukuma, kwa sauti, polepole, kila mtu asikie.

Chuki ya mtu mwenye chuki haiondolewi na taa, hilo nalielewa. Lakini jioni ile majirani walikuwepo ilipowaka, na hakuna aliyehitaji kuelezwa. Tuliifunga kwenye mti wa mwarobaini ulio katikati ya njia ya chooni, na swichi yake tukaiacha upande anaoufikia. Mama mkubwa hakuipenda iwake usiku kucha, anasema inawasumbua kuku, kwa hiyo mjukuu akimaliza kwenda chooni kabla ya kulala anaisogezea kopo juu mpaka... hapana, kopo linaifunika paneli, si mwanga, ikabidi nimfundishe mara mbili kwamba kuifunika ndiyo kuiwasha na kwamba kuizima ni kwa swichi. Juzi amenipigia simu. Amesema nikija Desemba nibebe taa nyingine mbili, moja ya yule mzee wa kofia.